Kijazo cha mkate kimeharibika: fuata maji yalikopita

Nnalongo, jirani yetu hapa Walukuba, mjini Jinja, alibisha mlango mchana wa Krismasi akiwa na trei mkononi. Akaiweka mezani kabla hata ya salamu. "Mwanangu, hebu tazama. Nimefuata maandishi mstari kwa mstari, na bado nimepata uji."

Nilichota kijiko kimoja. Kweli, ulikuwa uji: vipande vya kitunguu na selari vimezama ndani ya kinyunya cheupe, juu pamepauka, chini pananata kwenye trei. Nikamuuliza mkate ameununua lini. "Leo asubuhi, mama. Ulikuwa bado una joto." Sikuhitaji kuuliza la pili.

Tangu siku hiyo nimeokoa trei nyingi za majirani, na nyingine zangu mwenyewe. Kijazo, ambacho watoto wa Jinja wanakiita stafingi, ni chakula cha kuja: vipande vya mkate vinavyochanganywa na mboga na supu, kisha kuokwa kwenye trei au tumboni mwa ndege. Wamarekani hukipika kwa bata mzinga Alhamisi ya nne ya Novemba, siku yao ya Shukrani. Waingereza hukipika Krismasi, kwa seji, jani lao la kunukia, na vitunguu. Mapishi yao yanaandikwa na mtu ambaye nje ni baridi, ndani hewa ni kavu, mkate wake una ganda gumu, na oveni ni kitu cha kawaida jikoni. Sisi tuko kando ya Ziwa Viktoria, hewa ina unyevu, mkate wetu ni laini kama pamba na una sukari, na wengi tunapikia sigiri ya makaa. Maandishi hayana kosa, ila yanamzungumzia mtu mwingine. Ndiyo maana karibu kila kijazo kilichonishinda au nilicholetewa, nikifuatilia chanzo chake, nakuta maji: yalikuwamo kwenye mkate kabla, yaliingia kwa haraka, yalitoka yote, au yalikosa pa kutokea.

Kwanza weka kipimo cha kulinganishia. Mkate mmoja wa gramu 500. Siagi gramu 100. Vitunguu viwili vikubwa na mabua manne ya selari pamoja na majani yake. Mayai mawili. Supu ya kuku isiyotiwa chumvi, mililita 400 za kuanzia na nyingine 150 za akiba. Chumvi kijiko cha chai kisichojaa, pilipili manga nusu kijiko, na majani ya kunukia. Oveni iwe nyuzi 180. Dakika 30 trei ikiwa imefunikwa, kisha 15 hadi 20 ikiwa wazi. Kiasi hicho kinatosha watu wanane, kwa sababu siku hiyo mezani kuna matoke, wali na viazi pia. Kama chako kilikwenda mbali na kipimo hiki, huenda umeshaliona tatizo.

Kimekuwa uji, au kinanata kama ugali usioiva

Hili ndilo ninaloletewa zaidi, na lina vyanzo vinne. Mara nyingi vinakuja kwa pamoja.

Cha kwanza ni mkate wenyewe. Mkate wa dukani, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni maji. Ukiumwagia supu ukiwa hivyo, supu haina pa kuingia. Inazunguka nje ya kipande, inalainisha ngozi yake, na kipande kinayeyuka kabla ya kunywa ladha yoyote. Unaotakiwa ni mkate mkavu unaonywa kama sponji.

Hapa lazima nitengue jambo ambalo watu wanalisema kila mwaka: "Tumia mkate wa jana." Mkate wa jana hautoshi. Mkate uliolala ndani ya mfuko wake unakuwa mgumu kwa sababu wanga ulioiva unajipanga upya na kukaza. Maji hayajaenda popote. Ushahidi unao jikoni kwako: chukua slesi iliyolala, ipashe moto kidogo, italainika tena kama ya leo. Mkate ulio mgumu tu, ukiingia kwenye oveni na supu, unarudi ulaini wake na kuwa kinyunya. Mkate uliokaushwa kwa moto umetoa maji yake, na hapo ndipo unapata nafasi ya kupokea supu.

Ukate vipande vya upana wa sentimita 2 hivi, kama kidole gumba. Vitandaze safu moja tu kwenye trei, visipandane. Oveni nyuzi 120 hadi 130, dakika 45 hadi saa nzima, ukigeuza mara mbili. Usipandishe moto ili umalize haraka: mkate wetu una sukari, utapata rangi nje huku ndani bado ni laini, na rangi hiyo itakudanganya. Kama huna oveni, weka kikaango kipana kikavu juu ya sigiri ambayo makaa yake yameanza kuvaa majivu, kaushia vipande mafungu mafungu, na ugeuze bila kuchoka. Jua la saa sita linasaidia, mradi umefunika kwa chandarua safi nzi wasitue. Ila kabla jua halijashuka viingize ndani na uvimalizie kwenye kikaango. Vikikutana na hewa ya jioni ya huku ziwani vinanywa unyevu na kurudi nyuma.

Utajuaje vimekauka? Vunja kimoja katikati. Kikivunjika kwa mlio hadi ndani, tayari. Kikipinda, au kidole kikizama, bado. Mwenye mizani atapata jibu la uhakika zaidi: gramu 500 za mkate zinatakiwa kubaki kama 350.

Chanzo cha pili ni kumwaga supu yote kwa mara moja kwa sababu maandishi yamesema vikombe kadhaa. Hakuna vikombe vinavyofaa kila mkate. Mwaga kwa upawa, changanya, subiri dakika tano, kisha shika konzi moja na ubane taratibu. Ikishikana bila kudondosha tone, na ukiwa unahisi bado kuna vipande ndani ya kiganja, acha hapo. Ikichuruzika, umeshapita. Ikitawanyika kama kokoto, ongeza upawa mwingine na usubiri tena. Dakika tano za kusubiri ndizo watu wanazoziruka: mkate mkavu haunywi papo hapo, nawe ukiona bado mkavu unaongeza, unaongeza, halafu wote unanywa kwa pamoja ndani ya oveni.

Chanzo cha tatu ni mboga. Kitunguu karibu chote ni maji, na selari vilevile. Ukivitia vibichi, au ukivikaanga dakika tatu hadi ving'ae tu, maji hayo yatatokea baadaye ndani ya trei. Vikaange kwa siagi kwa moto wa wastani dakika 10 hadi 12. Sikiliza sufuria: mwanzoni inachemka, sauti nzito ya maji, maji yakiisha sauti inakuwa nyembamba na ya kukaanga. Ikibadilika hivyo, epua.

Cha nne ni mkono. Nnalongo alinionyesha jinsi alivyochanganya: kwa kukanda, kama unga wa chapati. Mkate ukishalowa haukandwi. Ingiza mwiko chini, pindua juu, zungusha bakuli, pindua tena. Na ukiweka kwenye trei usishindilie. Mvuke lazima upate njia ya kupanda.

Kama uji tayari uko mezani na wageni wamefika, usitie unga wa ngano. Utaukaza, lakini utapata gundi. Sambaza kijazo kwenye trei mbili, unene wa kidole kimoja, oveni nyuzi 200, dakika 15. Kigeuze kwa uma, kisha dakika 10 nyingine. Ukiwa na vipande vikavu vya akiba, tawanya konzi mbili juu kabla ya kuingiza. Kwa wenye sigiri, fanya tulivyofanya siku ile na Nnalongo: samli kidogo kwenye kikaango kipana, kijazo kinabonyezwa kama kababu bapa, kila upande unaachwa bila kuguswa hadi ufanye ganda la kahawia. Ndani vilibaki laini mno, sitadanganya, lakini ganda liliwapa watu kitu cha kutafuna, na sahani zilirudi tupu.

Kikavu, kinakwaruza koo

Ugonjwa wa kinyume, nao tiba yake ni rahisi. Ama supu ilipungua, ama kifuniko kiliondolewa mapema, ama chakula kilibaki ndani ya oveni yenye moto kikiwasubiri watu watoke kanisani. Pasha supu ichemke, nyunyiza nusu kikombe kote, funika kwa foili, rudisha kwa dakika 10 hadi 15. Iwe ya moto. Supu ya baridi inapoza trei nzima na kukurudisha mwanzo. Ukijua wageni watachelewa, ni heri kijazo kisubiri kabla ya kuondolewa kifuniko kuliko baada yake.

Kina utamu kama keki

Chungulia orodha iliyoandikwa kwenye mfuko wa mkate. Sukari mara nyingi haiko mbali na mwanzo. Kwa chai ya asubuhi ni sawa. Kwa kijazo inagombana na vitunguu, ambavyo navyo vikikaangwa vizuri vina utamu wao. Ukiongeza karoti, mambo yanazidi. Mimi karoti sitii kabisa.

Sukari ikishaingia haitoki. Unachoweza ni kuipa mpinzani: maji ya nusu ndimu kwenye supu, pilipili manga ya kutosha, majani ya selari yaliyokatwakatwa (hasa majani, ambayo yana uchungu mwembamba), na maini ya kuku yaliyokaangwa na kusagwa kwa uma. Usikimbilie chumvi, maana utaishia na chakula kitamu chenye chumvi nyingi. Mwaka ujao uliza kwenye duka la mikate ule wenye sukari kidogo, na uuonje kabla ya kulipia mingine. Kuna aliyeniuliza kama anaweza kutumia chapati au mandazi badala yake. Hapana: vyote vina mafuta ndani, na kilichonywa mafuta hakinywi supu.

Jambo jingine la sukari: inaunguza mapema. Trei ikianza kuwa nyeusi pembeni kabla ya dakika 40, shusha oveni hadi 170.

Chumvi imezidi

Hesabu milango ambayo chumvi imeingilia. Mkate unayo. Blue Band inayo. Kidonge cha Royco ulichokoroga badala ya supu, sehemu yake kubwa ni chumvi. Soseji, kama umetia, zinayo. Kisha wewe ukaongeza kijiko kwa sababu maandishi yalisema kijiko. Kila mlango peke yake haukuwa na kosa.

Utasikia watu wakisema weka kiazi kibichi kivute chumvi. Kiazi hakichagui chumvi. Kinanyonya maji ya chumvi kama yalivyo, na yanayobaki yana ukali uleule. Halafu kijazo hata hakina mchuzi wa kunyonywa. Tiba ni kuzimua tu: vipande vikavu zaidi na supu isiyo na chumvi. Kwa sababu hiyo mimi huwa nakausha mkate mmoja na nusu, si mmoja. Hiyo nusu ni bima yangu, na isipohitajika naisaga kuwa chenga za kupakia samaki.

Supu yako mwenyewe ndiyo inayomaliza tatizo hili. Shingo, mgongo, ncha za mabawa na miguu iliyosafishwa, kitunguu kimoja, maji ya kufunika, moto mdogo saa moja na nusu hadi mbili, bila chumvi hata chembe. Mifupa ya kuku wa kienyeji inatoa supu nzuri kuliko yote. Ikipoa inaganda kidogo, na kuganda huko ndiko kunakokipa kijazo ulaini usio wa maji.

Hakina ladha, ni mkate uliolowa tu

Mara nyingi ni kwamba chumvi ilitiwa ikapotea ndani ya mkate mwingi, na mpishi hakuonja. Onja kabla ya kutia mayai. Wakati huo kila kilichomo kimeshaiva, au ni mkate na supu, kwa hiyo unaweza kuonja bila hofu. Ukishatia mayai mabichi nafasi hiyo imepita hadi kiive. Kionjwe kikiwa na ladha kali kidogo kuliko unavyopenda, maana mayai yatapunguza.

Sababu ya pili ni majani. Mapishi yanataka seji, na watu wakiikosa sokoni wanaacha pengo. Usiache pengo. Hapa Uganda tuna mujaaja, ule tunaoutia kwenye chai, uliopandwa nyuma ya nyumba nyingi. Harufu yake inakaribia karafuu, na inaungana na siagi na kitunguu vizuri kuliko nilivyotarajia mara ya kwanza. Sisemi unafanana na seji, maana haufanani. Nasema kijazo cha mujaaja kina haki yake chenyewe, na siku hizi hata nikipata seji nafikiria mara mbili. Majani matano au sita ya wastani kwa mkate mmoja yanatosha, yakatwe membamba. Yakizidi, chakula kinanukia dawa. Rosemari nayo inafaa, na wapo wengi wenye ua wake getini bila kujua ni kiungo. Kijiti kimoja tu, na majani yake yakatwe hadi yawe kama vumbi, kwa kuwa hayalainiki hata yakiokwa.

Yoyote utakayochagua, yatie kwenye siagi ya mboga dakika ya mwisho kabla ya kuepua. Mafuta ndiyo yanayobeba harufu yake hadi kwenye kila kipande. Ukinyunyiza majani makavu juu ya mkate, utayapata sehemu moja na kuyakosa nyingine.

Hakishikani, au mafuta yanaogelea

Kisiposhikana, mayai yalisahauliwa au hayakupata moto wa kutosha kuganda. Mayai mawili kwa mkate wa gramu 500, yapigwe kwanza na supu kidogo iliyopoa. Ukiyamwagia supu ya moto yataganda vipande vipande kabla ya kufika kwenye mkate. Wapo wanaopenda kijazo kilicholegea, bila yai. Hilo ni suala la ladha.

Mafuta yakielea, uliongeza ngozi ya kuku au soseji bila kupunguza siagi. Inamisha trei, chota kwa kijiko, rudisha kwenye oveni ikiwa wazi dakika tano.

Juu kimeungua, katikati ni kibichi

Kwenye oveni: trei ilikuwa na kina kirefu mno, au moto ulikuwa mkali. Kina kisizidi sentimita 5. Funika kwa foili, shusha hadi 160, ongeza dakika 20, kisha ukwangue sehemu iliyoungua. Chini yake kwa kawaida ni salama.

Kwenye sigiri kosa ni la mpangilio wa makaa, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu wengi wanaamini kijazo hakiwezekani bila oveni. Kinawezekana. Chukua sufuria kubwa nzito yenye kifuniko bapa cha chuma. Chini tandaza mchanga mkavu safi au panga vijiwe vitatu, juu yake weka trei au sufuria ndogo yenye kijazo, isiguse kuta. Pasha sufuria kubwa ikiwa imefunikwa dakika 10 kabla ya kuingiza chochote. Makaa yagawe: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya kifuniko. Watu wengi wanafanya kinyume, au wanaweka yote chini, na chini kunaungua huku juu kunabaki rangi ya pamba. Makaa yawe yamevaa majivu. Yanayowaka mwanga mwekundu ni makali mno. Kila dakika 15 zungusha sufuria robo mzunguko, maana upande unaopokea upepo wa sigiri una moto zaidi. Itachukua saa nzima, pengine na dakika 10.

Njia ya pili ni ya nyumbani kabisa: jani la mgomba, kama la luwombo, kitoweo chetu cha Uganda kinachopikwa kwa mvuke ndani ya jani. Babua jani changa juu ya moto hadi lilegee na ling'ae, punguza mshipa wa katikati kwa kisu, weka kijazo, kunja, funga kwa kamba ya mgomba, upike kwa mvuke saa moja. Punguza supu. Kwenye oveni sehemu ya maji inapotea hewani. Ndani ya jani haitoki, kwa hiyo mililita 400 zinakuwa nyingi. Anza na 300. Wa Kabale waongeze muda: kule, kwenye kimo cha karibu mita 2,000, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, na mvuke wao una joto pungufu kuliko wetu wa Jinja. Kijazo cha jani hakipati ganda. Anayetaka ganda akifungue kikiiva na kukigeuza kwenye kikaango chenye samli dakika chache. Harufu ya jani inabaki, na hiyo hakuna oveni inayoitoa.

Kuku ameiva, kijazo cha tumboni bado

Matatizo yote hapo juu yanaharibu chakula. Hili linaweza kumlaza mtu hospitali, na naomba ulisome taratibu.

Kijazo kilicho ndani ya kuku kinanywa maji ya nyama mbichi. Vijidudu vya salmonela vinavyokaa kwenye kuku vinaingia ndani ya mkate, na mkate uko katikati kabisa, mahali ambapo joto linafika mwisho. Nyama ya paja inaweza kuwa imeiva na ngozi imepata rangi nzuri, huku kijazo kiko nyuzi 60. Kinatakiwa kifike 74 katikati yake. Jicho halipimi hilo, wala kisu ulichochoma na kukigusa mdomoni. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama huna kipimajoto cha jikoni, usijaze ndege. Oka kijazo pembeni. Tumboni mwa kuku au bata mzinga weka kitunguu kilichopasuliwa, ndimu na kijiti cha mujaaja. Atanukia, na hakuna atakayeumwa.

Mwenye kipimajoto, ajaze dakika ileile ndege anapoingia kwenye oveni. Asijaze usiku wa kuamkia sikukuu, hata kama ndege atalala kwenye friji: katikati ya mkate hapapoi haraka, na usiku mzima ni muda mrefu. Ajaze kwa ulegevu, theluthi mbili tu za nafasi, kwani mkate unavimba. Ndege akiiva kabla ya kijazo kufika 74, amtoe, achote kijazo chote kwenye trei, na trei hiyo irudi kwenye oveni yenyewe huku ndege akipumzika. Kuendelea kumwoka ndege mzima kwa sababu ya kilicho tumboni kunakausha kifua bure.

Kuku wa kienyeji usimjaze kabisa. Nyama yake inataka saa mbili za moto wa polepole na maji. Hadi ilainike, kijazo kimeshakuwa uji, na tumerudi kwenye trei ya Nnalongo. Mchemshe, supu yake itumie kwenye kijazo, mwenyewe mmalizie kwa kumkausha.

Na neno kuhusu firigisi. Mapishi ya nje yanasema ikatwe ndogo ndogo ichanganywe na mkate. Katika nyumba nyingi za Buganda firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na sahani ikifika kwake bila firigisi ni swali linaloulizwa mbele ya wageni. Ukiwa mkwe au mgeni jikoni mwa watu, muulize mama mwenye nyumba kwanza. Maini na moyo havina mwenyewe; tia hivyo.

Mkate uliokaushwa umeota ukungu

Ulifungwa ukiwa na joto. Mvuke ulijificha ndani ya kopo na kuwa maji. Acha vipande vipoe kabisa, saa moja au zaidi, ndipo uvifunge kwenye kopo lisiloingiza hewa, na uvitumie ndani ya siku tatu. Ukiona doa moja la kijani, tupa kopo zima. Ukungu unaoonekana ni sehemu tu ya ule uliokwisha kusambaa. Mboga za siagi unaweza kuzikaanga siku moja kabla na kuziweka kwenye friji. Mayai na supu vichanganywe na mkate siku yenyewe. Umeme ukikatika, au Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha wakati maduka yamefungwa, usifungue friji: ikibaki imefungwa inahifadhi ubaridi kama saa nne.

Kilichobaki mezani

Kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kuepuliwa, kwenye chombo kisicho na kina ili kipoe upesi, na kama kilikuwa tumboni mwa ndege kitolewe chote kwanza. Kinadumu siku tatu, nne kwa ukomo. Asubuhi ya tarehe 26 kikiwa baridi kinakatika vizuri kama mkate: kata vipande vya unene wa kidole, kaanga kwa samli pande zote hadi moto ufike ndani, vunjia yai juu. Kilicholala mezani usiku kucha chini ya kawa, hata kama harufu yake bado ni nzuri, kimwage.